Wageni Wanaopanda Chini ya Chombo



Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi. Maji yakitoka, jahazi hupwelezwa mchangani, chaza na mwani hukwanguliwa, kisha chombo hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Walijua kuwa chombo kilichoota uchafu huwa kizito na mbao zake huliwa.

Wazungu nao walihangaika na jambo hilo hilo. Mwaka 1761 Uingereza iliifunika manowari yake Alarm kwa mabamba ya shaba. Katika miaka ya 1960 zikaja rangi zenye sumu ya bati. Meli zilikuwa safi, lakini sumu iliingia baharini, na katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walishindwa kuzaana. Mkataba wa kimataifa wa kuzikataza ulipitishwa 2001 ukaanza kutumika 2008.

Muda wote huo kilichohesabiwa zaidi ni faida ya chombo. Je, na bandari kinakokwenda?

Jibu lilionekana Darwin, kaskazini mwa Australia. Machi 1999 wapiga mbizi walikuta kome wageni, asili yao Amerika ya Kati, kwenye maegesho ya mashua. Ukaguzi wa miezi sita nyuma haukuwaona. Sasa, mahali pengine walizidi 20,000 kwa mita moja ya mraba. Inaaminika waliletwa na mashua iliyowabeba chini yake. Serikali ilifunga maegesho matatu, ikamwaga klorini na mrututu, ikaua karibu kila kiumbe humo ili kuiokoa bahari ya nje. Kome wakaisha, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 2 za Australia.

Iliwezekana kwa sababu maegesho yale yana milango ya kuzuia maji. Mombasa na Dar es Salaam hazina milango hiyo. Mgeni akishaingia huku, tutamfungia wapi?

Ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Usafiri Baharini lilitoa mwongozo, likaurekebisha 2023: meli ipakwe rangi inayofaa, ikaguliwe, isafishwe, na kila kazi iandikwe kitabuni. Mwongozo huo ni wa hiari. New Zealand imekwenda mbele: tangu 2018 meli zinatakiwa kufika zikiwa safi.

Na uchafu unaokwanguliwa ukusanywe, usirudishwe majini. Wazee walisafisha chombo kwa ajili ya safari yao. Sisi tuwafundishe watoto wetu kuwa ni haki ya jirani pia.