Somo la Historia: Bendi Iliyogawanyika

Huenda mzee mmoja kule Machame au Marangu akauliza: Je, dansi nalo ni historia? Naam, mzee wangu, ni historia, nayo ina funzo.

Tuanze Tanga. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliingia katika Jamhuri Jazz Band. Mwaka 1970 walihamia kwa jirani zetu wa Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. Nyika mnaijua: ni nchi kavu kama ile muionayo kutoka mlimani mkitazama upande wa Taveta.

Mwaka 1978 bendi iligawanyika. Sikilizeni vema ni nani waliotoka: Omar Shabani, mpiga gita la ridhimu, Tommy Malanga, mpiga gita la besi, na Rashid Juma, mpiga dramu. Wale ndugu walibaki, na jina likabaki. Lakini waliokwenda ndio walioshika mwendo wa muziki. Nyumba ilibaki na paa, nguzo ziliondoka.

Watu hao waliungana na John Ngereza na Issa Juma, wakaunda Les Wanyika mjini Nairobi. Wimbo wao "Sina Makosa" ulivuma Afrika Mashariki nzima. Baadaye Issa Juma naye alijitenga, akaunda Super Wanyika.

Je, Simba Wanyika ilikufa? La. Ndugu wale walitafuta wapigaji wengine, wakaendelea mpaka miaka ya 1990. George alifariki mwaka 1992, na Wilson mwaka 1995. Mgomba uliokatwa ulikuwa umekwisha kuchipua.

Funzo ni hili: tusisome historia ya kundi kwa kumtazama kiongozi peke yake. Hapa Moshi, chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Majina ya wakubwa yameandikwa. Lakini ni nani waliopima kahawa, na ni nani waliobeba magunia? Tukiwasahau hao, tumeandika nusu ya habari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

1. Kwa nini kuondoka kwa mpiga besi kuliweza kuitikisa bendi?
2. Katika chama chenu, ni nani anayeshika mwendo bila kutajwa? Mwulizeni, mkaandike habari zake angali hai.

Kwaherini.