Muungano wa Wanavijiji: Wakazi wa mabanda walivyojitwalia nafasi ya kupanga mitaa yao

MUUNGANO wa Wanavijiji ni shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya. Liliasisiwa mwaka wa 1996, wakati ambapo ubomoaji wa vibanda na unyakuzi wa ardhi ya umma ulikuwa umekithiri jijini Nairobi. Ni mwanachama wa mtandao wa kimataifa wa Slum Dwellers International.

Mwanzoni wanachama walishughulika zaidi na kupinga ubomoaji. Baadaye walianzisha vikundi vya akiba, ambapo kila mmoja hutoa kiasi anachomudu, kisha wakakopeshana. Hata hivyo, faida kuu haikuwa fedha. Jirani aliyeaminiwa kutunza akiba ya wenzake aliaminiwa pia kuwasemea mbele ya serikali.

Nguzo ya pili ni takwimu. Wakazi wenyewe huhesabu kaya, vyoo na mabomba ya maji, kisha huchora ramani. Mtaa usiotambuliwa katika ramani rasmi hupata taabu kudai barabara au mitaro ya majitaka.

Matunda ya juhudi hizo yalidhihirika Mukuru, Nairobi. Mnamo Agosti 2017, serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Eneo hilo lina zaidi ya kaya 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi yake ina hatimiliki za watu na kampuni binafsi.

Ili pasiwe na anayeachwa nje, kaya ziligawanywa katika vikundi vya takriban kumi kumi, kila kimoja na mwakilishi wake. Wapangaji walishirikishwa sawa na wenye vibanda. Aidha, mashirika ya kijamii, vyuo vikuu na wataalamu walisaidia kuandaa mipango ya maji, afya, elimu, makao na uchukuzi.

Lakini mpango peke yake si ngao. Mnamo Novemba 2021, tingatinga zilibomoa nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao, ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao bora.

Kwa hivyo, kazi ya mashirika ya mitaani haimaliziki ramani inapokamilika. Mkazi aliyehesabiwa hana budi kulindwa pia.