Tegemeo si Tegemezi

Kwenye fomu ya bima ya afya, wategemezi ni mwenza na watoto: wale wanaoishi kwa jasho la mwenye kadi. Hapo hababaiki mtu. Lakini nimeletewa rasimu ya istilahi za kompyuta, kazi ya kamati nisiyotaka kuitaja, na humo maktaba ambayo programu ya Java haifanyi kazi bila hiyo imeitwa "tegemezi". Matoleo mawili yakikutana kwenye seva, eti ni "mgogoro wa tegemezi". Nani anamtegemea nani?

Kitenzi ni tegemea. Kiambishi -zi humtaja mtenda: tetea, mtetezi, tegemea, mtegemezi. Kiambishi -o hutaja kitu ambacho tendo hufanyika kwacho au juu yake: fagia, fagio, egemea, egemeo, tegemea, tegemeo. Programu ndiyo tegemezi. Maktaba ni tegemeo lake. Yuko mwenzetu mmoja, hodari wa kunijibu kila niandikapo, atakayeniletea matembezi na malezi. Hayo hutaja tendo. Faili la jar lililojaa klasi ni tendo gani?

"Mgogoro" nao haufai, kwa sababu mgogoro huwa na pande mbili zinazojibizana. Tazama seva ya WebLogic. Programu imebeba toleo jipya la maktaba ndani ya WEB-INF/lib, na seva ina lake la zamani. Kipakiaji cha klasi cha programu, kisipoelekezwa vingine, humwuliza kwanza mzazi wake, yaani kipakiaji cha seva. Mzazi akitoa klasi kuukuu, ile mpya haiguswi. Programu inawaka bila kulalamika, hadi inapoita mbinu ambayo klasi kuukuu haina. Ndipo logi inaandika NoSuchMethodError. Toleo jipya halikushindwa kwa hoja, halikuulizwa tu. Seva ya Tomcat, kinyume chake, huanza na maktaba za programu, isipokuwa klasi za Java yenyewe na nyingine chache. "Mgongano wa mategemeo" naukubali, shingo upande.

Dawa yake ni fupi: taja vifurushi husika chini ya prefer-application-packages kwenye weblogic.xml, na kwenye Maven lipe skopu ya provided tegemeo ambalo seva inalo tayari na unaridhika na toleo lake.

Nimejibiwa kwamba "tegemezi" limeshazoeleka. Limezoeleka wapi, ilhali rasimu yenyewe haijatoka chumba cha mkutano?