Bibi Salme na Kazi za Nyumba ya Ugenini

Dada zetu wapenzi, hasa nyinyi maharusi mnaojiandaa kuwafuata waume zenu Maskati, Dubai au London. Leo tunamzungumzia mwanamke wa kwetu aliyeonja nyumba ya ugenini zamani sana: Sayyida Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Sayyid Said. Kwa hesabu yake mwenyewe, Mtoni waliishi watu wasiopungua 1,000. Kupika, kuchota maji, kufua na kufagia zilikuwa kazi za watumwa. Hilo tusilifiche: raha ya kasri ilitoka kwenye jasho la watu wasiolipwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana na kuhamia Hamburg. Hatuandiki kumhukumu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunaandika kwa sababu ya yale aliyoyaona ndani ya nyumba.

Wazungu wengi waliamini kuwa wanawake wa Mashariki ni wavivu. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, Salme aliwajibu kwa jambo dogo la kila siku: hali ya hewa. Kwetu nguo hufuliwa leo, jua likazikausha mara moja, zikakunjwa na kuwekwa. Kule baridi inazaa kazi. Mama ana soksi za kutililia, nguo nzito za kufua, mapazia ya kushusha na kupandisha.

Sisi wa cherehani tunamfahamu vizuri. Gauni la mtoto wa hapa ni mishono michache, limekwisha. Koti la baridi lina bitana, kola, mifuko na vifungo. Kila kinachoongezeka mwilini kinaongeza kufua, kuanika na kushona.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi, akafariki. Salme akabaki na watoto watatu, mdogo wao bado mchanga, bila mama, bila dada, bila jirani wa kumwambia, "Nipe mtoto nikushikie." Akasomesha Kiarabu apate riziki. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Basi biharusi, somo wako atakufunza singo, udi na mapishi. Hayo ni mazuri, lakini kazi ile ile hubadilika uzito ukivuka bahari. Hapa wifi anaosha vyombo na bibi anabembeleza mtoto. Kule yote yanakusubiri wewe, na nguo haikauki. Ukichoka usijiite mvivu, wala usikubali kuitwa hivyo.

Kabla hujasafiri, jifunze kutia kifungo, kukunja upindo na kutia kiraka. Muhimu zaidi, kaa na mumeo mzungumze mapema nani atafanya nini. Bi Aisha (r.a.) alieleza kuwa Mtume ﷺ alikuwa akihudumia watu wa nyumbani kwake na akishona nguo yake mwenyewe. Mume anayefuata mwendo huo hapungukiwi na kitu, na mke wake hatakuwa mpweke mbele ya beseni la nguo.

Allah awape safari njema na nyumba zenye utulivu. Amin.