Picha za wanyama na mbuga katika mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, una makao makuu yake Bariadi na unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wasukuma. Katika Usukuma, picha ya mnyama ilikaa kwanza kwenye ukuta wa nyumba ya udongo.

Waliosifika kwa kazi hiyo ni Bayeye, chama cha wacheza nyoka ambao pia ni waganga wa sumu ya nyoka. Ndani ya nyumba za kuwaingizia wanachama wapya, kuta zilichorwa nyoka, watu na viumbe wa masimulizi kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Picha hizo zilikuwa somo, na mwanachama mpya alifunuliwa maana yake. Ukuta ulipobomoka, picha ilikwenda nao. Nyingi zimesalia katika nakala za Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, aliyezichapishia kitabu London mwaka 1953.

Upande wa pili wa mpaka wa Simiyu, kwenye majabali ya Moru ndani ya Serengeti, morani wa Kimaasai walichora ngao zao. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka humo. Michoro ilibaki majabalini bila wachoraji wake.

Picha ya nyika tulivu, yenye simba kapumzika na upeo mpana nyuma yake, ilikuja kwa njia nyingine. Mjerumani Wilhelm Kuhnert alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1891, akachora wanyama porini kwao, wakati wenzake wengi Ulaya waliwachora kwenye bustani za wanyama. Mtindo mwingine ulianza mwaka 1968, pale jijini Dar es Salaam Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupaka baiskeli. Mnyama mmoja aliweza kujaza ubao mzima. Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo hadi kuunda chama cha ushirika mwaka 1990.

Soko la watalii lilileta mandhari katika picha za mtindo huo: migunga, makundi ya nyumbu, jua la machweo. Mara nyingi mlima Kilimanjaro huchorwa nyuma ya wanyama wa Serengeti, ingawa uko mbali nao. Watu huonekana kwa nadra katika picha hizo, na mashamba ya pamba na ng'ombe wa Simiyu, walio jirani kabisa na hifadhi, hawamo. Kwenye kuta za Bayeye, mtu na nyoka walichorwa pamoja, kwa kuwa maarifa yaliyofundishwa pale yalihusu namna ya kuishi naye.