Mpira wa kichwa na barabara ya Kasindi

Kwetu Butembo na Beni, mtoto kichwa kikizidi kukua, bado kuna jamaa wanaotafuta nani kamloga. Tuache mchawi, tuangalie maji. Ubongo unatengeneza maji kila siku, kama nusu lita kwa mtu mzima. Yakikosa njia ya kutoka yanajaa, na fuvu la mtoto mchanga, kwa sababu halijashikana, linapanuka. Ndiyo hidrosefali.

Mwaka 1956, Marekani, John Holter, fundi wa mashine ambaye mtoto wake Casey alikuwa na ugonjwa huo, alitengeneza valvu ya silikoni: mpira mwembamba unatoa maji kichwani, unayarudisha kwenye damu. Siku hizi wengi wanayapeleka tumboni. Watoto wengi waliokoka, kweli. Lakini mpira unaziba, ao unaingia mikrobi, na siku hiyo mtoto anapaswa kufika kwa munganga upesi, si kesho kutwa. Holter alikaa karibu na hopitali. Mama wa Butembo akitafuta ile ya watoto ya CURE, kule Mbale, anateremka Beni, anapita Kasindi, anavuka mupaka wa Mpondwe, kisha Uganda karibu yote. Na barabara ya Beni–Kasindi, tunajua wenyewe wangapi wameuawa pale.

Huko Mbale, tangu miaka ya 2000 mwanzoni, Benjamin Warf, munganga wa ubongo kutoka Marekani, aliona kwamba watoto wengi walipata ugonjwa baada ya maambukizi ya siku za kwanza za maisha, na kwamba mpira ukiziba kijijini ni kifo. Basi akaingiza kamera ndogo ndani ya ubongo, akatobolea maji njia nyingine (Mixter alishafanya hivyo Boston, 1923), halafu akachoma tishu inayotengeneza maji. Kuunganisha hayo mawili kwa watoto wachanga wa Afrika ndiyo kulikuwa kupya. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550.

Njia hiyo pia inashindwa kwa baadhi, zaidi miezi ya kwanza. Lakini utafiti wa 2017, watoto 100 wa Uganda, haukuona tofauti kubwa ya akili kati ya mpira na kamera baada ya mwaka mmoja. Kwangu hiyo inatosha: akili ikiwa sawa, usimfunge mtoto kwa barabara.

Ila ubongo uliokwisha kuharibika hakuna kamera inayourudisha. Ninyi mnaofanya kazi kwenye vituo vya afya, Lubero mpaka Oicha: siku ya kupima kilo, zungusha utepe kwenye kichwa pia, andika kwenye fishi. Mstari ukipanda ghafla, usimwambie mama arudi mwezi ujao.