Kinini, mti na hesabu ya mali



Huku kwetu Masisi na Walikale, kidonge chochote tunakiita kinini, hata kama ni cha kuumwa kichwa. Jina hilo ni la dawa ya malaria, na dawa yenyewe inatoka ndani ya ganda la mti, kinkina. Leo tuangalie mali ya kampuni ya dawa kupitia mti huo.

Kontable anafanya hivi: anaandika bei ya majengo na mashine, kisha anatosha uchakavu wa kila mwaka. Mashine ya dola 10.000 yenye kupewa miaka 10, kisha miaka 4 inabaki 6.000 kwenye kitabu. Ardhi peke yake haichakai. Haleon, yenye kuuza Panadol tangu ilipotengana na GSK mwaka 2022, inafuata njia hiyo hiyo.

Lakini mti unaenda kinyume. Mashine inazeeka tangu siku ya kwanza. Kinkina inakula pesa miaka mingi, karibu 8 ao 10, mbele ganda lake lilipe vizuri.

Tuone historia. Mwaka 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walitenga kinini toka kwa ganda. Kisha Waholanzi walipanda kinkina Java mpaka karibu dunia yote ikategemea kisiwa kile. Mwaka 1942 Japani ikakamata Java. Njo maana mashamba ya Kivu yakapata uzito: milima yetu iko na mvua na baridi ambayo mti huu unapenda, na INEAC, yenye kuundwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo cha utafiti pale Mulungu.

Bukavu kukawa Pharmakina, yenye mashamba na kiwanda pamoja. Ilikuwa mali ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani. Roche ilipomeza Boehringer, haikuibakiza: mwaka 1999, vita ikiwaka, viongozi wawili wa pale pale waliinunua. Mwaka 2005 kiwanda hicho kilianza pia kutengeneza dawa za kupunguza makali ya ukimwi.

Fikirini: kwa kitabu, mashine za zamani pengine zimebaki karibu sifuri. Mbona mtu anunue wakati wa vita? Kwa sababu miti ilikuwa imesimama, na watu wa kuitunza walikuwepo. Phytophthora inaozesha mizizi ya kinkina; anayejua kuunga kikonyo bora juu ya shina lenye kuvumilia hayuko kwenye safu yoyote ya mali.

Sasa turudi nyumbani. Machi 1993, mapigano yalianza soko ya Ntoto, Walikale, yakapanda Masisi. Tangu pale, ni kilima gani kwetu kimepata miaka 10 mfululizo ya utulivu? Kiwanda kikichomwa, pesa inaweza kukirudisha kwa mwaka moja ao miwili. Shamba la miti likikatwa makala, hakuna benki yenye kukopesha miaka.

Wakija tena watu wa kuahidi viwanda, sisi wa agro tusiulize tu mashine ni ngapi. Tuulize: miti ina umri gani, na nani ataachwa aishi karibu nayo mpaka ikomae?